Muulize Injinia: Supakompyuta inamsaidiaje mwenye karakana?

Karibuni tena. Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kwamba viwanda vingi vya Marekani na Ulaya siku hizi vinawapita wenzao sokoni kwa kutumia supakompyuta, yaani maelfu ya prosesa (ule ubongo wa kompyuta) zimeunganishwa zinapiga hesabu moja kwa pamoja, na sikutegemea kabisa kama mistari ile ingeleta meseji nyingi namna hii. Wengine wanataka kununua, wengine wamekasirika. Nimechagua tano, nimezifupisha kidogo, na ile ya trela nimeijibu kirefu maana ndo yenye nyama.

Mwanangu Injinia, nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Singida, mashine mbili. Binti yangu kamaliza uhandisi mwaka jana, kila siku ananiambia mama tununue kompyuta ya milioni 38 ya kufanyia simulesheni ndo tutawashinda wanaoleta mafuta ya nje. Ninunue? (Mama wa Alizeti, Singida)

Shikamoo mama. Usinunue. Sio kwamba binti hajui anachosema, anajua, ila kaanzia mwisho.

Simulesheni ni kumpa kompyuta umbo la kitu chako, vipimo vyake na sheria za asili zinazokiongoza, joto linavyosafiri, kimiminika kinavyotiririka, chuma kinavyopinda, alafu unamwambia nionyeshe itakuwaje kabla sijatumia hela yangu kwenye kitu halisi. Ukibadilisha kipimo unaangalia tena. Sasa mama hicho kitu kinataka vitu viwili, uwe na swali lenye mipaka na uwe na vipimo vya kweli. Procter & Gamble, kampuni ya Marekani ya bidhaa za nyumbani, walipokuwa bado wanatengeneza zile krispi za Pringles walikuwa na swali lenye mipaka, mkanda wa kiwandani ukienda kasi sana krispi zinapaa, zina umbo kama la bawa kwa hiyo upepo unazinyanyua, wakaomba supakompyuta iwaonyeshe upepo unavyopita juu na chini ya krispi moja. Kichekesho kwa anayesikia mara ya kwanza, lakini kwao mkanda ukikimbia bila kumwaga ni hela kila dakika.

Swali lako wewe kwa sasa naona ni hili: mashudu yangu yanatoka na mafuta kiasi gani ambayo ningeweza kuyapata? Na hilo halihitaji supakompyuta, linahitaji maabara na mzani. Mwambie binti achukue mashudu ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, kila moja kwenye mfuko wake, ayapeleke yakapimwe. Alafu apime unyevu wa mbegu kabla hazijaingia kwenye mashine, apime gramu 100 za mbegu alizozisaga, aziweke kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena, kilichopungua ndo maji. Afanye hivo kila siku kwa mwezi mzima na aandike kwenye daftari. Nakuambia mama, mara nyingi utakuta siku mbegu zina unyevu wa juu au zimekauka kupitiliza ndo siku mafuta yanabaki kwenye mashudu, na dawa yake ni turubai na kikaushio, sio kompyuta.

Ukifika hatua ya kujenga kikaushio chenye feni hapo sasa mruhusu binti afanye simulesheni ya upepo ndani yake, kwamba hewa moto inafika mpaka kona ya mwisho au inapita katikati tu ikatoka. Hiyo laptopu yake inatosha. Milioni 38 zako ziende kwenye mbegu msimu wa mavuno bei ikiwa chini.

Dada Injinia habari za kazi. Sisi tunatengeneza trela na bodi za malori hapa Vingunguti, tuko watu 14. Nimesikia kuna kampuni ndogo Marekani ilitumia supakompyuta ya serikali ikatengeneza vifaa vya kukata upepo kwenye trela na dizeli ikapungua kweli. Je ni kweli? Na sisi tukiviiga tunaweza kuwauzia wenye malori ya Zambia na Kongo? Trela za kutoka nje zinakuja bei ya chini, tunaumia. (Fundi Mkuu, Dar)

Kaka, ni kweli, na stori yenyewe naipenda kwa sababu haikuwa kampuni ya maelfu ya wafanyakazi. Inaitwa BMI, ya Greenville kule South Carolina, aliyeianzisha Mike Henderson alishawahi kufanya kazi Boeing, kwa hiyo upepo alikuwa anaujua. Wakachukua lori la mizigo lenye trela wakasema hili dude ni kama ukuta unaotembea, ngoja tulitibu kama ndege. Kwenye mitambo yao wenyewe hesabu za lori zima zilikuwa hazibebeki, inabidi warahisishe warahisishe mpaka linakuwa sio lori tena. Ndo wakaomba muda kwenye Jaguar, supakompyuta ya maabara ya taifa ya Oak Ridge huko Tennessee, ambayo mwishoni mwa 2009 ndo ilikuwa ya kwanza duniani kwa kasi. Kazi waliyopanga ichukue miaka 3 na nusu ikachukua mwaka na nusu, wakatoka na vipande vya kufunga chini na nyuma ya trela wakaviita SmartTruck, na mafuta yaliyookolewa walitaja kati ya asilimia 7 na 12. Tena wakati ule jimbo la California lilikuwa linaweka sheria ya trela kupunguza upepo, kwa hiyo aliyewahi sokoni ndo aliyekula. Hapo ndo faida yenyewe ilipokaa, katika ile miaka miwili waliyoiokoa.

Wakubwa nao wamefanya hivohivo. Boeing kwa ndege ya 767 walitengeneza na kupima mabawa ya majaribio 77 kwenye mahandaki ya kupulizia upepo, walipokuja kwenye 787 wakapima 11 tu, mengine yote yalichujwa ndani ya kompyuta. Goodyear waliungana na maabara ya taifa ya Sandia ya hukohuko Marekani tangu miaka ya 90 kufanya hesabu za tairi, na muda wa kutoa tairi jipya ukashuka kutoka miaka 3 mpaka chini ya mwaka mmoja.

Sasa swali lako la pili, mkiviiga itakuwaje. Hapa naomba utulie kidogo kaka tupige hesabu.

Nguvu ya upepo inayolivuta lori nyuma inapanda kwa mraba wa mwendo. Lori la Marekani kwenye barabara kuu linakwenda kama kilomita 105 kwa saa masaa mengi mfululizo, na kwa mwendo huo karibu nusu ya kazi ya injini inaishia kusukuma hewa. Lori letu kisheria ni 80. Chukua 80 mara 80 ni 6,400, chukua 105 mara 105 ni 11,025, gawanya, unapata 0.58. Yaani upepo wa lori letu likiwa kwenye mwendo wake wa juu kabisa unaoruhusiwa ni kama asilimia 58 tu ya ule wa Mmarekani. Na wewe unajua vizuri kuliko mimi lori la kwenda Tunduma linatembea 80 kwa muda gani kati ya matuta, vijiji, foleni ya mizani na mlima Kitonga. Likiwa kwenye 50 upepo unashuka chini ya robo ya ule wa 105. Pale Kitonga injini haipigani na upepo hata kidogo, inapigana na uzito.

Alafu hivyo vipande vyenyewe vinakaa chini ya trela, sasa hebu fikiria tuta moja lililojengwa na wanakijiji usiku. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usiwaige. Siwezi kukuambia vitafanya kazi Ohio kwa hiyo vitafanya kazi Mikumi.

Lakini usiiache stori yenyewe, kuna swali la kwako wewe ndani yake, nalo ni uzito. Sheria ya Afrika Mashariki inasema lori na trela na mzigo visizidi tani 56. Kila kilo ya chuma kwenye chesisi ni kilo ya mzigo ambayo mteja wako hatalipwa, safari hadi safari, miaka 10. Ukimpa trela nyepesi kwa kilo 400 na isiyopasuka, umempa kilo 400 za shaba au za sementi kila safari, na hapo unaongea lugha ambayo mwenye lori anaielewa bila kumchorea grafu. Trela ya bei ya chini kutoka nje imepigiwa hesabu ya barabara nyingine, mara nyingi inakuja nzito mahali pasipohitaji na nyembamba mahali panapohitaji, ndo maana unaziona karakanani kwako zimepasuka pale pale kila mara, kwenye shingo, kwenye mabano ya springi. Wewe umezichomelea kwa miaka. Hiyo orodha ya mahali zinapopasuka ni mali, wala aliyeko nje hana.

Anza hivi. Chora chesisi yako kwenye FreeCAD, ni programu ya bure kabisa, na ndani yake kuna sehemu inayotumia CalculiX, nayo ya bure, inayokata boriti vipande vidogo vidogo (wenyewe wanaita meshi) na kuangalia kila kipande kinabeba mkazo kiasi gani. Laptopu yenye ramu ya gigabaiti 16 au 32 inaifanya hiyo kazi. Kwanza chora ile trela ya zamani ambayo unajua inapasuka wapi, uone kama kompyuta nayo inakuonyesha pekundu, yaani rangi ya mkazo mkubwa, pale pale. Isipoonyesha usiendelee, kuna kitu umeidanganya.

Na hapa nikuambie kilichonitokea maana kinaniuma mpaka leo. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye kiwanda kimoja tunatengeneza jukwaa la chuma la kubebea matangi, nikafanya hesabu zangu safi kabisa, bati la milimita 6, meshi nzuri, kila kitu. Jukwaa likapinda wiki ya kwanza tulivyojaza maji. Tukapima bati kwa kaliba, lilikuwa milimita 5. Muuzaji alituuzia la 6 kwenye risiti na la 5 kwenye gari, na mimi sikwenda stoo kupima hata mara moja. Watu wanadhani 5 kwa 6 ni tofauti ndogo, sio ndogo, ugumu wa bati dhidi ya kupinda unakwenda kwa unene mara unene mara unene, ukipiga hesabu ya 5 kwa 6 unabaki na asilimia 58 tu. Hakuna aliyeumia, Mungu alisaidia, ila tangu siku hiyo siingizi kipimo kwenye kompyuta ambacho sijakishika kwa mkono wangu.

Kwa hiyo pima chuma chako. Alafu kuna vipande vidogo kama stika vya umeme vinabandikwa kwenye chuma vinakuambia kimevutika kiasi gani, bei yake si kubwa, mwombe mteja mmoja anayekuamini akuruhusu ubandike kwenye trela yake iende Tunduma na kurudi. Ukipata hizo namba umewapita wote wanaokisia.

Supakompyuta inaingia wapi basi? Inaingia pale ukishaiamini modeli yako na unataka kutafuta trela bora sio trela moja. Tuseme una michanganyiko 200 ya unene na umbo la boriti, na kila mmoja unataka kuujaribu kwa hali sita, trela imejaa kwenye lami nzuri, tairi la nyuma limezama shimoni, kona huku mzigo umeegemea upande mmoja, breki ya ghafla, kreni inashusha kontena kwa fujo, na kupanda tuta. Hiyo ni mara 1,200. Kila moja ikichukua dakika 20 kwenye laptopu unapata masaa 400, siku 16 na zaidi laptopu haizimwi, na kwa umeme wetu unajua mwenyewe. Ukikodi mashine 40 za mtandaoni kwa usiku mmoja, masaa 10 umemaliza, asubuhi unakunywa chai unaangalia majibu. Hulipii jengo wala viyoyozi, unalipia masaa tu. Amazon wana kituo cha seva Cape Town tangu 2020, na wengine wapo. Faili la kupeleka ni dogo, ila majibu ni makubwa sana, usijaribu kuyashusha yote kwa bando, yaache hukohuko uvute picha na namba unazozihitaji tu. Na ukimaliza zima mashine, kaka, zima, maana mita inaendelea kusoma hata kama wewe umelala.

Mkishindwa kupata kijana wa kuifanya niandikie tena, wapo wengi tu mtaani wana digrii na hawana kazi, mmoja wao akikaa na wewe miezi sita karakanani akashika na mashine ya kuchomelea, atakuwa mtu wa maana sana.

Hivi hizi supakompyuta ndo zilezile za akili mnemba au ni kitu kingine? (Msomaji, Dodoma)

Vyuma ni ndugu, kazi ni tofauti. Frontier ya hapohapo Oak Ridge, ambayo 2022 ndo ilikuwa ya kwanza kupimwa ikavuka hesabu bilioni moja mara bilioni moja kwa sekunde, ina GPU 37,632, yaani chipu zinazopiga hesabu nyingi kwa mpigo mmoja, na GPU ndo chakula cha akili mnemba pia. (Kwa kuelewa hiyo namba, watu bilioni 8 wote duniani wakipiga hesabu moja kila sekunde bila kulala, wangehitaji kama miaka 4 kuifikia sekunde moja ya hiyo mashine.) Tofauti ni kwamba akili mnemba inajifunza kwa mifano mingi iliyopita, simulesheni inaanza na sheria za asili. Fundi wetu wa Vingunguti hana mifano elfu kumi ya trela zilizopasuka zenye vipimo kamili, kwa hiyo akili mnemba peke yake itamkisia tu. Ila ukishafanya zile simulesheni 1,200 unaweza kuifundisha kwa hayo majibu ikakupa makadirio ya haraka ya mchanganyiko wa 201, na viwanda vikubwa ndo wanavyofanya sasa hivi.

Assalaam aleikum Bi Injinia. Mimi mtu wa Pemba, niko Muscat mwaka wa 11 kwenye kazi za mabomba ya mafuta. Huku nawaona wanavyotumia hivi vitu, mpaka kutafuta mafuta chini ya ardhi wanatumia. Lakini huko nyumbani umeme wenyewe unakatika, supakompyuta ya nini? Naona mnawapa vijana ndoto za wenye pesa. (Mpemba wa Muscat)

Waalaikum salaam kaka yangu. Sikukasirikii, ulichosema ni kweli kwa upande mmoja. Frontier ikikimbia inakula kama megawati 21, huo ni umeme wa mji. Hakuna anayesema tujenge hiyo Chake Chake.

Ila nikupe habari ya India. Miaka ya 80 walitaka kununua supakompyuta ya Cray kutoka Marekani wakawekewa vizuizi, kwa hofu kwamba wataitumia kwenye silaha. Mwaka 1988 wakaanzisha kituo chao kinaitwa C-DAC kule Pune, na 1991 wakatoa ya kwao, PARAM 8000, kwa kuunganisha prosesa za kawaida nyingi. Hawakuwa na umeme wa ajabu wala hawakuwa matajiri wakati huo. Na PARAM hizohizo zimefika kwetu, C-DAC wamesaidia kuweka Dar pale DIT, taasisi ya teknolojia, na Arusha kwenye chuo cha Nelson Mandela. Kuna na supakompyuta ya Ranger ya chuo kikuu cha Texas, iliyoanza kazi 2008, ilivyozimwa 2013 haikutupwa, ikagawanywa, na makabati yake mengine yakaja Afrika Kusini, Botswana na Tanzania. Cape Town kuna CHPC, kituo cha supakompyuta cha taifa la Afrika Kusini, 2016 waliwasha mashine inaitwa Lengau, maana yake duma kwa Kitswana, ya kwanza Afrika kufika kiwango cha petaflopu, yaani hesabu milioni moja mara bilioni moja kwa sekunde. Hapo Nairobi ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wana klasta yao (kompyuta nyingi zilizounganishwa) wanasomea jeni za mifugo na mazao, na watu wa hali ya hewa wa ukanda huu nao wanatumia mashine za namna hii kwenye utabiri wa mvua.

Na kuna hili ambalo nikilikumbuka nafsi inatulia. Kila mwaka Ujerumani kuna mashindano ya wanafunzi, mnajenga klasta yenu wenyewe na mnaikimbiza kwa kikomo cha umeme, mwaka 2013 kilikuwa kama wati 3,000 hivi, ambazo hata hita ya bafuni ya maji ya papo kwa papo inakula zaidi. Afrika Kusini walikwenda mara ya kwanza 2013 wakashinda, wakiwa mbele ya vyuo vya China, Marekani na Ulaya. 2014 wakashinda tena, 2016 wakashinda tena. Wengi wao hawakuwahi kuigusa klasta kabla ya mafunzo ya CHPC. Kwa hiyo ndoto hizi kaka si za wenye pesa peke yao.

Kuhusu umeme kukatika, ndo sababu namwambia fundi wa trela akodi. Kazi ikishaenda kwenye mashine iliyoko mbali, umeme wa Vingunguti ukikatika saa mbili usiku hesabu inaendelea, ukirudi saa saba unaikuta imefika asilimia 70.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Mwenye kiwanda hajui aulizie wapi, mtafiti hajui mwenye kiwanda ana shida gani, hawakutani. Marekani mwaka 2015 wizara yao ya nishati ilianzisha mpango maalum wa kuwaunganisha wenye viwanda na maabara za taifa, serikali inatoa muda wa mashine na mtaalam, kiwanda kinaleta swali na mchango wake. Uingereza wana kituo cha Hartree pale Daresbury kwa kazi hiyohiyo, Ujerumani kule Stuttgart chuo kikuu na watengenezaji magari wanatumia mitambo pamoja tangu miaka ya 90. Mtu kama wewe uliyeona kazi ya mabomba miaka 11, ukirudi likizo ukapita kwenye chuo kimoja ukawaeleza vijana swali moja la kweli la bomba linaloliwa na kutu, utakuwa umefanya kitu ambacho hakiko kwenye silabasi yoyote. Fikiria hilo.

Niaje Injinia, niko Eldoret mwaka wa tatu, nasomea mekaniko. Kwa lab tuko na kompyuta nne za zamani hakuna mtu huzitumia. Tunaweza kuzishikanisha zikuwe supakompyuta yetu? Na zikiwa nne kazi itaenda mara nne haraka ama? (Wa Eldoret)

Mdogo wangu poa sana, swali lako limenifurahisha kuliko yote. Ndiyo, mnaweza, na hamtakuwa wa kwanza. 1994 kule kituo cha Goddard cha NASA, Thomas Sterling na Donald Becker walichukua kompyuta 16 za kawaida kabisa za wakati ule, wakaziunganisha kwa nyaya za mtandao, wakaweka Linux, mfumo endeshi wa bure, wakaiita Beowulf. Kila mtu akaona kumbe inawezekana kwa hela kidogo. Leo hii supakompyuta 500 kubwa zaidi duniani zote zinatumia Linux, kwa hiyo ukijifunza kwenye hizo nne za zamani umejifunza lugha ya zile kubwa.

Mara nne haraka? Hapana, na sababu yake ilielezwa na Gene Amdahl mwaka 1967. Chukua pilau ya harusi. Kuchambua mchele, kumenya vitunguu, kukata nyama, ukileta wamama kumi kazi inaisha mara kumi haraka. Lakini pilau ikishafunikwa imewekwa mkaa juu, hata ukileta wamama mia haitaiva haraka zaidi. Sasa tuseme kwenye programu yako asilimia 10 ya kazi ni ya aina ya kuiva, haigawanyiki. Kwa kompyuta nne unapata kasi mara 3 na kidogo. Kwa kompyuta 100 unapata mara 9. Hata ukipewa milioni haizidi 10. Ndo maana wataalam wa kazi hii wanahangaika na ile asilimia 10 kuliko wanavyohangaika kuongeza mashine. Na hapo bado hatujahesabu muda ambao kompyuta zinapigiana simu kuulizana majibu ya mpakani, pale kipande cha kazi cha moja kinapokutana na cha nyingine, kwa waya wa kawaida wa mtandao huo muda unauma, kwa hiyo kazi ndogo sana mnaweza kukuta kompyuta nne ziko polepole kuliko moja! Msishtuke, ipimeni, andikeni muda wa moja, mbili, tatu, nne, chorea grafu. Hiyo grafu peke yake ni mradi mzuri wa darasa.

Tafuteni swichi ya gigabiti, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao, wekeni Linux ya aina moja kwenye zote nne, moja iwe mkubwa wao inayogawa faili, zingine zisome kutoka kwake. Alafu wekeni OpenFOAM, programu ya simulesheni ya vimiminika na hewa, ni ya bure tangu 2004, na anzeni na lile zoezi lake la kwanza la sanduku lenye kimiminika ambalo mfuniko wake unatembea. Linaonekana la kitoto, fanyeni tu. Mkishalipata, ongezeni meshi iwe laini mara mbili kila upande, mtaona kwenye zoezi la pande tatu vipande vinakuwa mara 8, na kwa sababu hatua ya muda (kutoka hesabu moja mpaka inayofuata) nayo inabidi iwe nusu, kazi nzima inakuwa kama mara 16, hapo ndo mtaelewa kwa nini watu wanataka mashine kubwa. Iambieni programu iandike majibu kila baada ya muda fulani, stima ikipotea mnaendelea mlipoishia badala ya kuanza upya.

Alafu msiamini picha za rangi. Picha za rangi zinapendeza hata zikiwa za uongo. Ukibadilisha meshi ikawa laini zaidi na jibu likabadilika sana, ujue bado huna jibu. Nendeni kwa karakana ya chuo mtengeneze kitu kidogo, bomba lenye kona mbili na pampu, mpime presha kwa geji, alafu mlinganishe na OpenFOAM. Mkikosana na geji kwa asilimia 5 mko sawa sana, mkikosana kwa 50 angalieni vipimo vya bomba kwanza kabla hamjaanza kugusa setingi. Mkikwama niandikie, ila tuma faili lote la logi, lile programu inapoandika kila ilichofanya, sio picha ya mstari wa mwisho peke yake, maana kosa lenyewe huwa liko mistari mia mbili juu.